Yale nimejifunza nikifundisha vituo vya afya mambo ya bima, Kisumu hadi Busia

Kama umepewa kazi ya kuzunguka vituo ukifundisha wahudumu vile mtandao wa bima unafanya kazi, soma hii kabla hujabeba projekta. Mimi ni nesi, nimefanya wadi miaka mingi, halafu nikachukuliwa na shirika lenye mtandao wa vituo huku kwetu magharibi mwa Kenya. Yaani kuna vituo vya watu binafsi, vya makanisa na vichache vya kaunti ambavyo vimesaini mkataba na bima, mwenye kadi anatibiwa hapo bila kutoa pesa mfukoni, kituo kinalipwa baadaye kwa bei waliyokubaliana na kwa masharti yake. Hayo masharti ndio shida yote inatoka. Nilipewa kuanzia Kisumu mjini na Ahero, nikaja Maseno, Luanda, Mbale hadi Kakamega, na upande ule mwingine Siaya mpaka Busia. Nikapewa laptopu, slaidi na listi ya vituo, nikaambiwa wewe unajua hospitali, enda ufundishe.

Tulianza na hoteli, vile kila mtu huanza. Ukumbi umelipwa, chai ya saa nne, lanchi ya samaki, kitabu na biro kwa kila mtu na nauli ya kurudi. Mkufunzi alitoka Nairobi na alikuwa mtu mwenye akili sana, alianza na Marekani, vile sheria ya HMO, yaani bima zenye mtandao wao wa madaktari na hospitali, ilipitishwa huko 1973 na vile kampuni zilianza kuchunga gharama kwa kuchagua daktari atakayekutibu na huduma utakayopewa. Ni historia nzuri na mimi mwenyewe niliipenda, lakini angalia waliokuwa wamekaa kwa viti. Walikuwa inchaji, yaani wasimamizi wa vituo, wenye vituo, na mameneja. Mtu wa risepsheni wa kituo cha Luanda hakuwa hapo, yuko kazini. Nesi wa usiku hakuwa hapo, amelala. Mvulana wa maabara hakuna, na yule dada wa kujaza fomu za madai, zile tunaita klemu, ambaye pesa yote ya kituo inapita kwa mkono wake, hakuna mtu alimkumbuka. Inchaji wakarudi na vitabu vyao, vikawekwa kwa drao, na madai yakaendelea kurudishwa na bima vile vile yalikuwa yanarudishwa mwanzo.

Iliniuma kwa sababu bajeti ya ule ukumbi ingetosha mimi kutembelea kila kituo kwa listi na kurudi tena.

Kitu kilinibadilishia kazi ni faili. Nilifika kituo kimoja kidogo nikaomba inchaji, "Daktari, nisaidie na zile klemu zimerudishwa, hata za mwaka jana," akatoa boksi chini ya meza, limejaa. Tukaketi na dada wa madai tukaanza kupitia moja moja. Ngoja niwaeleze moja tu kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kitu.

Mtoto wa miaka minne, ameletwa usiku. Kwa fomu ya bima imeandikwa malaria, kisha sindano za artesunate za malaria, kisha ceftriaxone ambayo ni antibiotiki, siku tatu wadi. Hakuna matokeo ya maabara yameambatishwa, hakuna namba ya usajili ya daktari, sahihi ya mzazi iko ukurasa wa kwanza peke yake. Bima imekataa, sababu ni dawa haiendani na ugonjwa. Sasa mtu anayepitia madai Nairobi anaona nini? Anaona malaria bila kipimo, na mwongozo wa nchi unasema upime kwanza ndio utibu, halafu anaona antibiotiki kali isiyo na maelezo, hapo anafikiria watu wanaongeza bili. Lakini tukafungua kitabu cha maabara, kipimo kilifanywa saa sita usiku na kilikuwa pozitivu. Tukafungua kitabu cha wadi, nesi ameandika mtoto alipata degedege mara mbili nyumbani na anapumua kwa shida. Tukatafuta karatasi ya daktari, ameandika nimonia kwa kona, mwandiko wa haraka. Kila kitu kilifanywa sawa, yule mtoto alitibiwa vizuri kabisa akaenda nyumbani, shida ni kwamba ukweli ulikuwa kwa vitabu vitatu na hakuna hata kimoja kilifika kwa fomu.

Kutoka hiyo siku sikuwahi kuanza mafunzo na slaidi. Naanza na klemu tatu nne zilizorudishwa za hicho hicho kituo, naweka vitabu vyote mezani, naita risepsheni, nesi wa zamu, maabara, famasia na mtu wa madai, wote pamoja, nawauliza, hebu mniambie huyu mgonjwa alipitia wapi. Wanaanza kuelezana wenyewe. Mtu wa maabara anagundua kumbe kile kikaratasi chake ndicho kilipotea. Daktari anagundua kumbe akiandika malaria peke yake na hakuandika nimonia, dawa ya nimonia haiwezi kulipwa. Ukiwaeleza mambo ya misimbo ya ICD, zile kodi za kimataifa za kila ugonjwa, baada ya hapo wanashika haraka, kwa sababu wameona ni pesa gani imepotelea hapo. Ukianza na misimbo yenyewe, kichwa kinaanza kuuma dakika ya kumi.

Nesi wa usiku umfuate. Mimi nilizoea kufika kituo asubuhi mapema kabla hawajapeana zamu, nampata anamalizia ripoti, namwomba nusu saa, na nabeba mandazi kwa sababu huyu mtu amechoka. Yeye ndiye analaza watu wa dharura wakati ofisi ya bima imefungwa, na bima nyingi zinataka zijulishwe ndani ya saa 24 au 48 tangu mgonjwa alazwe, na kama hakuna mtu alimwambia nesi wa usiku namba ya kupiga au ujumbe wa kutuma, asubuhi inafika, kila mtu anafikiri mwingine alijulisha, klemu imekufa tayari. Hii ni kitu ya karatasi moja ukutani karibu na simu. Jina la bima, namba ya usiku, mambo gani yanahitaji idhini kabla hujafanya na gani yanafanywa kwanza. Dharura inatibiwa kwanza, hilo rudia mpaka ukauke koo, kwa sababu nimekuta vituo ambavyo wahudumu wameogopeshwa na idhini mpaka mama anavuja damu wanatafuta mtandao wa simu.

Halafu risepsheni. Watu hudharau risepsheni kwa mafunzo na mimi naona hapo ndio mgonjwa anapotea. Nilikuwa kituo kimoja upande wa Vihiga, mama mmoja mzee ameingia, ni mtu wa presha, amekuja kuchukua dawa zake, bima yake inataka alama za vidole. Vidole vimelika na jembe. Mashine ikakataa gumba, ikakataa cha shahada, msichana akamwambia kwa heshima tu, "Mama, haisomi, rudi siku ingine na kijana wako." Mama akaanza kufunga leso aende. Nikamwomba msichana tujaribu tena, tukaleta maji ya moto kidogo, mama akanawa, tukakausha vizuri na kitambaa, tukapangusa pia kioo cha mashine kilikuwa na mafuta, tukaenda mkono wa kushoto kidole kwa kidole, cha pete kikakubali. Ilichukua dakika chache tu. Yule mama angerudi nyumbani bila dawa za presha, na mnajua presha isiyotibiwa inamaliza vipi watu huku kwetu.

Sasa hapo kuna la kufundisha zaidi ya maji ya moto. Uliza bima mapema, kabla ya shida, vidole vyote kumi vikikataa tunafanya nini? Mara nyingi watasema kuna namba ya siri inatumwa kwa simu. Sawa, lakini wazee wengi waliandikishwa na watoto wao, namba ya simu iliyo kwa mfumo ni ya kijana ako Nairobi, ujumbe unaingia huko akiwa kazini na unaisha muda. Kwa hiyo risepsheni ifundishwe kupiga simu kwa kijana kwanza, aambiwe "kaa na simu mkononi, tunatuma sasa," ndio watume. Na wamsaidie mzee kubadilisha namba. Hizi ni vitu ndogo na hazikuwa kwa slaidi yoyote niliyopewa.

Kapitesheni ndio ilinitesa zaidi kufundisha. Wahudumu wengi wanajua kapitesheni ya shule, pesa kwa kila mtoto, na ya hospitali ni hivyo hivyo, kituo kinalipwa kiasi fulani kwa kila mtu aliyekichagua, awe mgonjwa asiwe mgonjwa. Tuchukue mfano, watu 800 kwa shilingi 1,200 kila mmoja kwa mwaka, hiyo ni 960,000, ukigawa kwa miezi ni 80,000 kila mwezi. Wakija mara 200 kwa mwezi, kila ziara ina shilingi 400. Hapo chumba kinanyamaza, halafu mtu mmoja anasema, basi huyu wa kadi tumpe Panadol aende. Na wanafanya kweli, mwenye pesa taslimu anapimwa kila kitu, mwenye kadi anaambiwa dawa imeisha nunua nje. Mimi hili linanikasirisha sana na siwezi kulisema kwa upole, yule mtu amelipa, mwajiri wake amelipa, pesa yake iko kwa akaunti ya kituo tayari, na unamnyima dawa iliyo kwa rafu nyuma yako.

Lakini ukigomba peke yake hakuna kinabadilika, lazima uwaonyeshe njia. Kituo kimoja tulifungua rejista ya miezi kadhaa tukatafuta majina yanayojirudia. Karibu wote walikuwa wa presha na sukari, wanakuja kila wiki mbili, kwa nini? Kwa sababu wanapewa vidonge vya siku 14. Kila wakija kuna foleni, kuna kadi, kuna kumwona daktari, kuna karatasi. Wale ambao presha imetulia wakaanza kupewa dawa za mwezi na wengine za miezi mitatu, na siku yao maalum ya kliniki. Foleni ikapungua na ziara za kila mwezi zikashuka zenyewe, hakuna mtu amenyimwa kitu. Ukifundisha kapitesheni fundisha hivyo, na rejista yao mkononi.

Na kuna jambo la wenye vituo vidogo. Kama kituo kina watu 60 tu kwa kapitesheni, mmoja wao akiwa na sukari iliyoharibika anaweza kumaliza pesa ya wengine wote, hapo hata ufundishe aje haitatosha. Niliwaambia wenye vituo kama hao waombe kulipwa kwa kila huduma mpaka watu waongezeke, na wasome mkataba vizuri ni nini kiko ndani ya kapitesheni na nini kiko nje. Wengi walisaini ukurasa wa mwisho bila kuona kiambatisho cha bei.

Katikati ya haya yote NHIF, bima ya afya ya serikali iliyokuwepo tangu 1966, ikafungwa na SHA, mamlaka mpya iliyochukua nafasi yake, ikaanza tarehe 1 Oktoba 2024. Bima zetu za kampuni ziliendelea lakini wagonjwa hawatenganishi, mtu anakuja na swali la SHA kwa dirisha lile lile, kwa hivyo ilibidi tujifunze upya tukifundisha. Tulikuwa na vijitabu vimechapishwa vizuri vikiwa na maelezo ya NHIF, vyote vikawa takataka. Ushauri wangu, usichapishe kitu kina bei na jina la mfuko ndani yake kwa wingi, chapisha kurasa chache kila mara zikibadilika. Watu walikuwa wamezoea 500 kwa mwezi, sasa wanaambiwa aliyeajiriwa ni asilimia 2.75 ya mshahara, na asiyeajiriwa anaulizwa maswali ya nyumba, anapikia nini, ana ng'ombe wangapi, kisha anapangiwa, kiwango cha chini 300 kwa mwezi lakini analipa ya mwaka mzima pamoja. Muuza omena wa Kondele, mtaa wa Kisumu, akisikia ya mwaka mzima anashtuka, na anayemweleza ni msichana wa risepsheni ambaye hakuna mtu alimweleza. Tulifanya zoezi la kuigiza, mmoja mgonjwa mwenye hasira mwingine risepsheni, kwa Kiswahili, Kijaluo na Kiluhya, na hiyo ilisaidia kuliko karatasi yoyote. Kitu cha kwanza walichohitaji kujua kusema ni kwamba huduma ya kawaida ya level 2 na level 3, yaani zahanati na vituo vya afya, inalipwa na mfuko wa afya ya msingi, mtu ajiandikishe kwa *147# atibiwe, asirudi nyumbani kwa kuogopa kuulizwa pesa.

Rufaa pia. Huku watu wakiugua wanataka kwenda moja kwa moja "Russia", ndio tunaita hospitali kubwa ya rufaa ya Jaramogi hapa Kisumu, na sheria ya afya ya msingi ya 2023 inataka mitandao ambapo vituo vidogo vinazunguka hospitali kubwa moja ya level 4 na mgonjwa anapanda ngazi kwa barua. Wahudumu wengi wanaandika barua ya rufaa mstari mmoja, "please manage". Nikawa nawaomba waandike walichokipata, walichopeana na saa ngapi, na wapige simu mbele. Mwenzako anayempokea mgonjwa saa nane usiku atakushukuru, na bima nayo haiwezi kusema rufaa haikuwa na sababu.

Sasa ile sehemu ngumu kusema. Kituo kimoja nilipata nesi analia stoo. Klemu ilikataliwa kwa sababu ya sahihi moja na mwenye kituo alikata pesa hiyo yote kwa mshahara wake, na huyo nesi hakuwahi kufundishwa ile fomu hata siku moja. Nilienda kwa mwenye kituo, tukaongea sana, akarudisha nusu. Mahali pengine wahudumu waliniambia kwa sauti ya chini kwamba wanaagizwa wasainishe wagonjwa fomu tupu ili zijazwe baadaye. Wewe kama mkufunzi utaambiwa haya, kwa sababu wewe ni mtu wa nje, na ujue utajibu nini. Mimi nawaambia waziwazi, fomu tupu isisainiwe na mgonjwa hata kama ni mgonjwa wa kila wiki, jina lako na namba yako ya usajili ndizo ziko pale chini, sheria ikija itaanza na wewe uliyeandika, na leseni ni yako si ya mwenye kituo. Nafundisha pia tofauti, kwamba kukosea tarehe kunarekebishwa, kubuni mgonjwa ni jinai, kwa sababu wengine wanaogopa vyote sawa mpaka wanaficha makosa madogo ambayo yangetatuliwa kwa simu moja.

Magrupu ya WhatsApp yalitusaidia sana, mtu anauliza swali saa tatu usiku anajibiwa na mwenzake wa Busia. Lakini watu walianza kutuma picha za fomu na jina la mgonjwa, namba ya kitambulisho, ugonjwa, wakati mwingine ni HIV, ndani ya grupu la watu zaidi ya mia. Tangu 2019 kuna sheria ya kulinda data, na hata bila sheria hiyo, huyo mgonjwa ni jirani ya mtu kwa hilo grupu. Weka sharti siku ya kwanza, picha ifunikwe majina ama iulizwe kwa maneno.

Wafanyakazi watahama, hilo jipange nalo. Unafundisha dada wa madai vizuri kabisa, miezi michache baadaye hospitali kubwa imemchukua, na huwezi kumlaumu. Kila kituo fundisha wawili, na mwambie huyo wa pili afundishe mwingine ukiwa umekaa hapo unasikia, ndio utajua kama ameelewa. Mwenye kituo naye mwonyeshe kwa shilingi zake, ni klemu ngapi zilirudi kabla na ngapi sasa, hapo atakupa watu wake saa za kazi bila kulalamika. Manesi na maafisa wa kliniki wanahitaji pointi za CPD, yaani za kuendelea kujifunza kazini, ndio leseni zao zifanywe upya, kwa hivyo tafuta mafunzo yako yatambuliwe mapema na baraza lao, watakuja wenyewe na watakaa mpaka mwisho.

Pesa. Bajeti niliyopewa ilikuwa na ukumbi, chakula na uchapishaji, haikuwa na nauli ya kurudi kituoni mara ya pili. Matatu hadi stejini halafu boda ndani huko barabara mbaya, bandeli za kusaidia kituo ambacho intaneti imekatika, mara nyingi hiyo ilitoka mfukoni mwangu na nyumbani walihisi. Kabla hujasaini, uliza kuna mstari wa kurudi vituoni au hakuna, kama hakuna waambie watoe siku moja ya hoteli waiweke hapo, na waandike kwa mkataba kwamba boda inalipwa bila risiti rasmi, kwa sababu hakuna mtu wa boda kutoka Luanda kuingia ndani atakuandikia risiti yenye muhuri.